Nimechangisha hela za machalii, gemu limekuja halijaisha. Nifanyeje wakuu?

Banda la Sakina (mwenye uzi)

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri, na wenye matusi wapite kimya kimya, wiki yangu imeshaharibika ya kutosha.

Nina banda la gemu hapa Sakina, Arusha. Konsoli nne: tatu za zamani na moja mpya niliyonunua kwa hela ya kikoba cha mke wangu (hilo deni lina uzi wake, tuliache). Mchana wa likizo kama sasa wateja ni machalii wa sekondari, usiku ni madereva bodaboda. Siku zote biashara ni mpira tu. Anayefungwa anaachia pedi, anayefuata anakaa.

Tangu Juni machalii wakawa wananionyesha tangazo la gemu la vita la mtandaoni, kikosi cha watu wanne. Jina silitaji. Tangazo lilisema wawili mtaweza kucheza kwenye skrini moja mkiwa mtandaoni, na hapo ndipo waliponimaliza. Banda linaishi kwa pedi mbili. Gemu la mtu mmoja kwa TV moja kwangu ni hasara, wale wengine wanakaa benchi wanakula karanga na hawalipi.

Bei dola 70. Ukiweka na makato ya kadi ikafika laki na themanini na kitu. Nikawatangazia: atakayetoa elfu kumi sasa hivi, gemu likitoka anacheza masaa kumi na tano. Wakatoa 14. Kuna ambao najua walikuwa wanatembea kwa mguu kutoka Mianzini ili wabane nauli. Nikajazia iliyobaki, nikalipia oda mwezi mzima kabla.

Siku ya siku imefika. Limeshuka usiku kucha, asubuhi likadai kushusha mzigo mwingine kabla halijawaka, bando la wiki likateketea hapo. Saa mbili usiku machalii 14 wamebanana kwenye mabenchi, wengine wamesimama. Tunaingia, tunaambiwa tuko kwenye foleni ya seva, zile kompyuta za kampuni zinazobeba mechi. Saa nne ndiyo tukaingia. Mechi ya kwanza ikatutupa nje katikati. Ya pili mtu wetu akazama ardhini mpaka kiunoni, akawa anatembea hivyo hivyo kama anavuka mto. Ramani ni tatu. Na ile ya wawili skrini moja? Hakuna kitufe. Kuna maandishi madogo kama sisimizi yanasema itakuja msimu ujao.

Sasa ni wiki ya pili. Nimeomba kurudishiwa hela, nimejibiwa na mashine kwamba gemu limeshapakuliwa. Machalii wanataka chao, mmoja jana kaja na mama yake. Ningoje viraka, yaani marekebisho wanayotuma mtandaoni, au nipambane? Na hawa watoto niwaambie nini?

Chalii wa Ngarenaro

Nimeweka kambi hapa. Pole mwana, ila ya kuvuka mto nimecheka mpaka abiria kaniuliza kuna nini.

Mangi wa Nyaya

Pole mkuu. Niko Moshi, kazi yangu ni mitandao. Kuna mambo mawili ambayo mkiwa benchi yanaonekana kitu kimoja. Seva kuzidiwa na gemu kutokamilika ni ndugu wa mbali sana. Helldivers 2 lilipotoka Februari 2024 watu walifurika mpaka watengenezaji wakaweka ukomo wa wachezaji 450,000 kwa wakati mmoja. Foleni zilikera, lakini aliyeingia alikuta gemu zima. Foleni ikipungua au seva zikiongezwa, tatizo linakwisha. Kama gemu lako halina seva Afrika mnachezea Ulaya, kwa hiyo kuganda kidogo laumu umbali.

Mtu kuzama ardhini na kitufe kilichotangazwa kukosekana, hapo kuna kazi haikufanyika. Battlefield 2042 lilitoka Novemba 2021, gemu la vikosi, halafu ndani yake huwezi kuongea na mwenzako kwa sauti. Umelipia kikosi, umepewa mabubu. Mpaka 2022 ndiyo wakaongeza.

Hilo la skrini moja ndilo linanitia wasiwasi zaidi kwa upande wako. Mashine inatakiwa ichore dunia mara mbili kwa wakati mmoja, inalemewa, kwa hiyo muda ukibana ndiyo huwa ya kwanza kuwekwa pembeni. Waliotengeneza Halo Infinite waliwaahidi watu kucheza pamoja hadithi yake kwenye skrini moja, wakasogeza, wakasogeza tena, Septemba 2022 wakasema wameifuta. "Msimu ujao" usiijengee nyumba.

Halafu angalia miezi. Fallout 76 Novemba 2018, Battlefield hilo Novemba 2021, The Day Before Desemba 2023. Sisi Wachaga hatuhitaji kufundishwa hili. Desemba ikifika unapanda mlimani, hata kama nyumba ya kijijini haijapigwa plasta utalala humo humo. Wao nao wana Desemba yao: mauzo ya Krismasi na wenye hisa wanaosubiri hesabu. Tarehe ikishatangazwa gemu linatoka lilivyo, na kwa sababu intaneti ipo wanajua watashona baadaye. Enzi za kaseti kilichochomwa ndicho hicho, aibu yako unakufa nayo.

Kipepsi

Uzi ufungwe, Mangi kamaliza.

Mama Faraja

Mwanangu, mimi sichezi hayo mambo, nina duka la nguo hapa Moshi mjini na watoto watatu. Nimesoma yote. Kampuni imekukosea, sawa. Lakini hao watoto hawajui kampuni. Wanakujua wewe. Kampuni ilikuuzia kitu hakijakamilika, na wewe ukauza masaa ya kitu ambacho hujakiona. Fundi akinipa sare za shule zina pini badala ya uzi, mteja wangu simwambii nenda kwa fundi. Huyo mama aliyekuja jana ulimjibu nini?

Banda la Sakina (mwenye uzi)

Shikamoo mama. Nilimwambia asubiri msimu ujao.

Mama Faraja

Marahaba. Haya, soma tena ulichoandika.

Mhaya Ugenini

Mama kapiga msumari. Kwetu Bukoba kuna butura: mkulima ana shida, kahawa bado iko mtini, anamuuzia mwenye hela kwa bei ya kutupa. Serikali inapiga marufuku, watu wanafanya usiku. Ila kwenye butura anayelia ni muuzaji. Nyie wa magemu mmeipindua, mnunuzi ndiye anatoa hela kabla ya mavuno na bado anashangilia. Kahawa angalau unaiona mtini.

Dogo Janja wa Kijenge Juu

Mnamtisha bure. NGOJENI. No Man's Sky lilitoka Agosti 2016, watu wawili wakapanga kukutana, wakafika sehemu moja ile ile kwenye sayari moja, na hawakuonana! Kila mtu yuko peke yake. Matusi yaliyomwagwa hapo hayasemeki. Julai 2018 likaja boresho la bure, watu wanaonana, wanajenga pamoja, leo linasifiwa kila kona. Hata Fallout 76 lilianza bila wahusika binadamu wa kuongea nao, Aprili 2020 wakawekwa. Subira mkuu.

Mzee wa Pedi Mbovu

Dogo, umetaja waliofufuka tu, makaburini hujaenda. Anthem lilitoka Februari 2019, wakaahidi kulitengeneza upya, Februari 2021 wakaachana na mpango, 12 Januari 2026 seva zikazimwa. Ukiwa nalo leo ni jina tu kwenye orodha. The Day Before limetoka 7 Desemba 2023, siku nne baadaye studio yenyewe imetangaza kufunga. Siku nne! Harusi za Kichaga zinachukua muda mrefu zaidi.

Na hao wa No Man's Sky walikaa kimya wakafanya kazi karibu miaka miwili. Banda linalipa pango kila mwezi. Mwenye fremu atakubali kusubiri Julai 2028?

Dogo Janja wa Kijenge Juu

Mzee una machungu, nani alikuumiza?

Mzee wa Pedi Mbovu

Mpira. Septemba 2021. Nilikuwa na banda Moshi maeneo ya Majengo, wateja wote wa PES, gemu la mpira la Konami. Ikaja eFootball 2022 kuchukua nafasi yake, nikawatangazia wateja ni bure, njooni. Nyuso za wachezaji utadhani vinyago vya Mwenge, mikono inapinda kama tambi. Wenyewe Konami waliomba radhi. Toleo la kueleweka lilikuja Aprili 2022. Kipindi chote hicho nilirudisha PES ya zamani na hakuna aliyelalamika. Ushauri wangu ndio huo: rudisha mpira kwenye konsoli mpya, hilo gemu liweke kona.

Kadi Pepe

Kuhusu hela, mwenye uzi nisikilize vizuri. Ungenunua kwa kompyuta kupitia Steam, duka la magemu la mtandaoni, ungekuwa salama: ndani ya siku 14 tangu ununue na hujavusha masaa mawili ya kucheza, unarudishiwa bila mahojiano. Konsoli kama PlayStation ni kesi nyingine. Ukishaanza kupakua umejifunga, mlango uliobaki ni kuthibitisha gemu ni bovu. Kwa hiyo rudi kwao, ila safari hii usiandike "limenichosha". Andika kwamba kitu kilichotangazwa hakimo, weka tangazo lao, weka video ya yule mtu anayevuka mto. Mashine ikikujibu tena, omba binadamu. Fanya leo, siku zinahesabiwa.

Usije ukaiambia benki ivute hela kwa nguvu. Wanaweza kufungia akaunti nzima, na magemu yako yote uliyonunua humo yanaondoka nayo. Na kama wengi wetu akaunti yako ni ya Marekani kwa sababu Tanzania haimo kwenye nchi za PlayStation, ndiyo usiwape sababu ya kukuchunguza.

Kurudisha wanaweza wakitaka. Concord lilitoka 23 Agosti 2024, halikupata watu, 6 Septemba likazimwa na kila aliyenunua akarudishiwa. Na kelele zinasikika: Mei 2024 Sony, wenye PlayStation, walipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PlayStation, gemu likaondolewa sokoni kwenye nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo. Wachezaji wakachachamaa, ndani ya siku chache sharti limefutwa.

Kipepsi

Nafungua uzi niliofunga. Sikujua kuna mambo haya.

Chalii wa Ngarenaro

Mimi ni mmoja wa waliokuwa benchi siku ile, nilikuwa sitaki kusema. Sina hasira na bro. Ila ungetuambia ukweli siku ile ile kuliko kila tukija unasema "kesho linakaa sawa". Na karanga nilikuwa nalipa.

Banda la Sakina (mwenye uzi)

Chalii, kumbe ni wewe. Haya, mrejesho.

Mama Faraja, nilikaa na maneno yako usiku kucha. Asubuhi nimewaita wote 14, wamekuja 12. Nimewaambia kosa la kwanza ni la kampuni, la kuchangisha ni langu. Nikaweka njia mbili: masaa kumi na tano yale yale, lakini kwenye mpira au gemu lolote lililopo, au elfu kumi yako nikupe kwa awamu mpaka mwisho wa Januari. Saba wamechukua masaa. Wanne wanataka hela, wawili nimeshawalipa, akiwemo yule aliyekuja na mama. Mama mwenyewe amehesabu noti mbele yangu mara mbili.

Kadi Pepe, nimetuma maombi upya na video zote. Wamejibu "tunalifanyia kazi", safari hii na jina la mtu chini. Sijui ni mtu kweli au mashine imepewa jina. Oda ya kabla silipii tena, hata waonyeshe nini. Nitasubiri mwezi, niangalie watu wakilicheza, ndipo nifungue pochi.

Mzee, mpira umerudi konsoli mpya. Jana nimefunga hesabu kwa faida, mara ya kwanza tangu limetoka.

Mzee wa Pedi Mbovu

Saba na wanne ni kumi na moja. Waliokuja ni kumi na mbili. Mmoja yuko wapi?

Banda la Sakina (mwenye uzi)

Huyo amekataa masaa, amekataa hela. Anasema gemu analipenda hivyo hivyo, nisilifute. Nimempa konsoli ya kona baada ya saa tatu usiku wakati hakuna watu. Hapa ninapoandika nimeshashusha geti nusu, yeye bado yuko kwenye foleni ya seva.

Chalii wa Ngarenaro

Namba ngapi?

Banda la Sakina (mwenye uzi)

4,812. Anasema inatembea.