Kupitia Mutubio hadi Nyeri wikendi ya Pasaka, naomba ushauri haraka

MtotoWaUmoja: Wadau, habarini. Pasaka natoka Nairobi kwenda Nyeri, lakini lami ya Thika nimeichoka. Nataka nipitie Naivasha, Engineer, Ndunyu Njeru, niingie mbuga ya Aberdare kwa geti la Mutubio, nivuke kule juu, nitokee geti la Kiandongoro, upande wa Nyeri. Tuko wawili. Siku moja inatosha? Usingizi sipati.

MamaKinangop: Kiangazi, inatosha. Mwezi wa nne mvua ndefu imeshika na udongo wa huku ukilowa ni sabuni. KWS, shirika la wanyamapori, hufunga baadhi ya njia, kwa hiyo piga simu getini kabla hujatoka. Beba sweta. Huko ni zaidi ya mita 3,000, na ukungu ukishuka huoni hata boneti yako.

Mwendapole: Mimi nilipita huko na Probox ya shemeji, imejaa viazi. Mnaogopa bure.

MamaKinangop: Viazi ndani ya mbuga? Ulikuwa unawauzia nyati?

BabaJoy: Ndiyo maana tunataka ile barabara ya lami ikate Aberdare, Ihithe hadi Ndunyu Njeru. Watu wamekimbilia mahakamani eti msitu, na sisi tunazunguka.

FundiGrogan: Mnajibu nini na hajasema gari gani?

MtotoWaUmoja: Ni 4x4, ya juu. Gari si shida.

FundiGrogan: Hata Vitz iko juu ukiipandisha jeki. Gari gani?

MtotoWaUmoja: Prado.

DadaWaRuaka: Ya nani?

MtotoWaUmoja: Haya basi. Ni ya baba ya mchumba wangu. Ametuazima twende harusi ya binamu yao Nyeri. Hakuniuliza tutapita wapi, nami sikusema. Nyeri ni Nyeri. Pesa za kuingia nimeshalipa kwa eCitizen, na mchumba nimemwahidi maporomoko ya Karuru. Nimeomba ushauri wa barabara, si wa ukweni.

MzeeWaLandi: Kijana, mahari umemaliza? Ukikwaruza huo mlango, siku ya mazungumzo bampa itahesabiwa pamoja na mbuzi. Mimi baba mkwe aliniazima baiskeli tu, tairi ikapasuka Limuru, na mpaka leo kila Krismasi ananiuliza kuhusu hiyo tairi mbele ya watoto wangu.

DadaWaRuaka: Ngojeni kidogo. Si huyu ndiye aliyekuwa hapa Januari akiuliza shule ya udereva ya bei nafuu?

Mwendapole: Ala! Hekaya!

MtotoWaUmoja: Leseni nilipata. Wivu tu.

FundiGrogan: Sawa, dereva. Hiyo Prado unaiingiza gea nzito, ile 4L, kwa kigingi ama kwa kitufe?

MtotoWaUmoja: Gari bado iko kwa mzee. Nitaangalia Ijumaa.

Mwendapole: Mchumba yupo lakini? Ama naye utamwangalia Ijumaa?

BabaJoy: Prado haipo, harusi haipo. Turudi kwa barabara ya Ihithe.

MamaKinangop: Hekaya au si hekaya, kuna mtu atasoma hapa aende kweli. Asiende gari moja peke yake, akikwama hakuna wa kumvuta. Kushuka upande wa Nyeri, asimame kabla ya mteremko, aweke 4L, gea ya kwanza, aachie injini ishike gari. Breki aziguse kidogo sana. Ukizikanyaga kwenye matope matairi yanajifunga na gari linaenda mtaroni kwa ubavu, na usukani unabaki pambo tu. Na akikuta kinyesi cha ndovu bado kinafuka mvuke barabarani, akae ndani ya gari, asipige honi, angoje. Wenyewe wataondoka wakitaka.

MzeeWaLandi: Na ampigie baba mkwe simu.

MtotoWaUmoja: Asante, mama. Na upepo wa tairi nipunguze hadi ngapi?

FundiGrogan: Leta picha ya Prado kwanza.