Mbolea ya kujitengenezea kwa mikorosho na miembe, wajuvi njooni

mwana_mkuranga
Habari za majukumu wakuu. Nina shamba huku Mkuranga, mikorosho ya zamani aliyoacha mzee na miembe ya kisasa niliyopanda mwenyewe, ina kama miaka mitatu. Udongo ndo ule mchanga mweupe, ukimwaga ndoo ya maji ukigeuka hayapo. Mbolea ya dukani kwa miti yote hii hata kwa bei ya ruzuku siiwezi. Nilichonacho ni samadi ya mbuzi, jirani anafuga kuku wa mayai anagawa mbolea bure ukibeba mwenyewe, mabibo msimu ukifika yanaoza tu chini, na majivu ya jikoni. Navichanganyaje, naweka wapi na naweka lini? Kuna mtu kaniambia nimwage ya kuku moja kwa moja shinani inatosha. Halafu kuna mwembe mmoja umetoa majani mpaka raha kuuangalia ila ua hata moja hamna. Nawasilisha.

babu_kichanga
Shinani usithubutu mkuu. Ya kuku mbichi ni kali inaunguza mizizi, na ukirundika kwenye gome unaliozesha, mchwa nao wanapata pa kufichama. Mizizi inayokula haipo shinani, ipo pale kivuli cha mti kinapoishia saa sita mchana. Chimba kamfereji ka duara hapo, sentimita 15 hivi inatosha usije ukakata mizizi mikubwa, weka mboji (samadi na majani yaliyoozeshwa pamoja), fukia, tandaza majani makavu juu. Ile mikorosho ya mzee kama matawi yameshagusana usihangaike na duara, tandaza katikati ya mistari, mizizi imeshajaa kote.

Kutengeneza mboji: chini vijiti na mabua hewa ipite, kisha majani makavu ya mkorosho, samadi ya mbuzi na ya kuku, mabibo, udongo kidogo, maji, unarudia hivyo mpaka rundo lifike kifuani. Makavu yawe mengi, mara mbili au tatu ya mabichi. Chomeka fimbo katikati uiache humo. Baada ya siku kadhaa ichomoe uishike, ikiwa ya moto na ina unyevu mambo yanaenda, ikiwa ya moto ila kavu ina unga mweupe mwagia maji, ikiwa ya baridi imelowa na inanuka uozo basi maji yamezidi, pindua uongeze majani makavu. Kupindua ni kila wiki mbili tatu, miezi mitatu minne unakuta imekuwa nyeusi, haina harufu ya kinyesi tena. Hiyo hata ukiiweka karibu na mche haiunguzi.

mama_newala
Naongezea hapo kwa babu. Mabibo weka lakini uyachanganye na majani makavu mengi, yana maji na sukari sana, ukiyajaza peke yake yanachachuka unapata pombe sio mboji 😂 Ila maganda ya korosho yenyewe usitie, yana mafuta yanayobabua ngozi na hayaozi leo wala kesho.

Majivu nayo usichanganye na mbolea mbichi ya kuku, ile harufu inayowasha macho ukivichanganya ndo naitrojeni yenyewe, chakula cha majani, inapaa. Nyunyiza kivyake chini ya mti, kopo moja au mawili kwa mti mkubwa kwa mwaka, basi. Sisi huku kusini tunaopuliza salfa kila msimu kwa ajili ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaoua maua ya mkorosho, udongo unazidi kuwa na tindikali, majivu yanatusaidia kuipunguza. Kama wewe hupulizi salfa usiyamwage hovyo.

kamau_njugu
Hapa kwetu Murang'a nina makadamia na parachichi, mimi natumia mkojo wa sungura, lita moja kwa lita kumi za maji, namwagilia pembeni. Bei yake karibu bure ukiwa na sungura zako. Lakini kwa makadamia mbolea ya kuku napunguza sana juu iko na fosforasi nyingi na huo mti hautaki, majani yanageuka njano. Sasa mtu anakuambia ni njaa unaongeza tena, unaumaliza.

babu_kichanga
Kamau huko kwenu udongo mwekundu unashika. Kwenye mchanga wa Mkuranga hicho kimiminika mvua moja ya masika kimeshaenda chini huko. Atumie sawa, ila kidogo kidogo na juu ya matandazo. Mimi ningemwambia apande marejea, ule mmea jamii ya kunde wa kurutubisha udongo, katikati ya mistari mvua zikianza, ikianza kutoa maua afyeke alaze hapohapo. Wale mapadri wa Peramiho walilihimiza sana zao hili zamani na hawakukosea.

shamba_darasa
Huo mwembe wa majani tupu, mkuu, kwanza bado mdogo. Pili angalia kama uko karibu na banda la mbuzi, naitrojeni ikizidi mti unakimbilia majani. Mboji weka mvua za masika zinapoanza, Machi hivi, na kwa mikubwa baada ya kuvuna na kupogolea. Kuanzia Mei usiweke tena chochote cha samadi wala mkojo, uache mti upumzike kipupwe kiukute hivyo, ndo unatoa maua.

mwana_mkuranga
Banda liko mita chache tu kutoka hapo, sijawahi kuwaza hilo! Asanteni sana. Kwa mti mmoja mboji kiasi gani sasa?

mama_newala
Hiyo miembe midogo debe moja au mawili kwa mwaka, mikorosho mikubwa matatu manne, na kama haitoshi yote anza na miti inayozaa vizuri, ile mizee iliyochoka iache kwanza. Na mbuzi uwafungie, mboji ikiwa na mabaki ya mabibo wanafukua usiku kucha.