Wanafunzi wanajiunga na chama chetu msimu wa kongamano, kisha wanayeyuka. Tufanyeje?

MlinziWaBwawa:
Habari za muda huu wakuu. Naomba ushauri, na nawaomba kabisa msiniambie "boresheni mawasiliano", maana hilo nimeambiwa hadi nimelikariri.

Niko kwenye kamati ya chama cha wataalamu wa ukuzaji viumbe maji. Humo tuna wafuga samaki, watafiti, watengeneza chakula cha samaki, maofisa ugani na wanafunzi wa vyuo. Mimi nimepewa wanafunzi. Siku ya kugawana majukumu nilitoka nje kupokea simu, niliporudi nikakuta nimeshapigiwa makofi.

Hali iko hivi. Mwaka wa kongamano wanafunzi wanajiunga kwa wingi, kwa sababu ada yao ni nusu na kiingilio cha kongamano kinashuka ukiwa mwanachama. Wanaleta mabango yao ya utafiti, tunapiga picha ya pamoja, basi. Mwaka unaofuata kimya. Wakishahitimu ndiyo usiwatafute. Juzi nilipitia daftari la wanachama nikiwasaka walioingia kama wanafunzi na leo wanalipa ada kamili. Vidole vya mkono mmoja vilitosha na vingine vikabaki.

Mweka hazina anataka punguzo lifutwe kwa sababu tunawagharamia watu wasiokaa. Mwenyekiti anataka tuwachapishie fulana. Mimi nina kifungu kidogo cha fedha, kikao ni wiki tatu zijazo, na hoja sina. Nyie mliopita kwenye vyama vya namna hii, mkiwa wanafunzi au viongozi, ni kitu gani kilichomfanya mtu abaki?

KambareMkavu:
Mkuu, mimi ni mmoja wa hao waliopotea. Si kwenye chama chako, ila hadithi ni ileile.

Nilihitimu katikati ya mwaka. Mwaka ulipoanza ikaja ankara ya ada kamili, ada ya mtu mwenye mshahara, wakati mimi nalisha samaki wa watu kwa kibarua. Nikaandika kuomba nibaki ngazi ya mwanafunzi mwaka mmoja tu. Jibu: tuma barua ya chuo inayothibitisha kwamba bado unasoma. Nimeshahitimu, barua hiyo naitoa wapi? Wala sikukasirika. Nilikaa kimya, na kimya chenyewe ndicho hicho unachokiona kwenye daftari lako.

La pili ni nauli. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilishinda msaada wa safari ya kongamano. Nilirukaruka. Halafu nikasoma masharti: lipa mwenyewe nauli na malazi, tunza risiti, utarudishiwa ndani ya siku 60. Mtu mwenye uwezo wa kulipa kwanza na kusubiri miezi miwili huyo hahitaji msaada wenu. Nilikopa kwa mjomba. Rafiki yangu aliyeshinda pamoja nami hakuwa na mjomba wa hivyo, nafasi yake ikabaki wazi, na nina hakika kwenye taarifa ya mwaka iliandikwa kwamba mwanafunzi "hakujitokeza".

Kwa hiyo kabla hujabuni jipya, angalia mlango wa kutokea uko wapi. Weka ngazi ya kati kwa waliohitimu, hata miaka miwili, bila kuwadai barua. Na nauli ilipeni nyinyi moja kwa moja kwa msafirishaji.

SamakiMmoja:
Fulana hahaha. Mwenyekiti wako na wetu wamezaliwa siku moja.

MlinziWaBwawa:
@KambareMkavu hilo la barua limenichoma, maana kanuni yetu imeandikwa hivyohivyo na mimi nilikuwepo tukiipitisha. Endeleeni wakuu.

HesabuKwanza:
Naomba nimtetee mweka hazina kidogo. Ada nusu haina maana kwamba mwanafunzi anagharimu nusu. Jarida analopata ni lilelile na kazi ya kumhudumia ni ileile. Ukiongeza ngazi ya waliohitimu na nauli ya kulipwa mapema, kifungu chako kidogo kimekwisha kabla ya kikao. Nauli ikilipwa mapema mtu asipotokea, nani anarudisha?

Jibu la kweli ni kupunguza idadi. Wasafirishwe wachache, walipiwe kikamilifu, kuliko wengi kupewa nusunusu ambayo haimfikishi yeyote. Na punguzo likibaki, basi mwombe mweka hazina alihesabu kwa miaka kumi badala ya mmoja. Hapo ndipo utajua kama ni hasara. Mkulima gani anakadiria faida ya bwawa wiki ya kupandikiza vifaranga?

BibiVifaranga:
Wanangu, mimi ni mzalishaji wa vifaranga vya kambare, vyuo nimepita kwa nje tu. Chama nilijiunga kwa kuburuzwa.

Kijana mmoja wa chuo aliletwa kwangu na chama akae mwezi. Alijua kila kitu kilichoandikwa. Siku ya kuzalisha akamdunga jike homoni saa tatu usiku, akapiga hesabu: maji yako nyuzi 25, kambare huyu huwa tayari baada ya takriban saa 11, kwa hiyo tunakamua mayai saa mbili asubuhi. Hesabu safi. Nikamwambia akalale. Saa mbili akaminya tumbo la samaki, hakuna kitu. Akaminya tena kwa nguvu, nikamshika mkono. Alishataka kumpasua dume, na dume wa kambare mbegu zake hazikamuliki, ukishampasua ndiyo basi.

Nikamuuliza, usiku maji yalikuwa nyuzi ngapi? Hakupima. Akachovya kipimajoto: 23. Yalipoa usiku kucha, na maji yakipoa mayai nayo yanachelewa. Tulisubiri hadi karibu saa tano, mayai yakashuka yenyewe kama mtama. Tangu siku ile yule kijana analala na kipimajoto.

Sasa nimekuwa nikijiuliza, ni mimi niliyemfaa yeye au yeye aliyenifaa mimi? Maana kabla hajaondoka alichukua madaftari yangu ya miaka sita, tarehe, joto, uzito wa jike, mayai, vifaranga waliopona, akayaingiza kwenye kompyuta. Akaniletea mchoro mmoja unaoonyesha kwamba majike wangu wakubwa kupita kiasi ndio wanaonipa vifaranga wachache kwa kila kilo. Miaka sita nilikuwa nayo kabatini, siioni.

Hicho ndicho chama kilichonipa. Ada nalipa hadi leo.

MwakaWaTatu:
Shikamoo bibi. Nimeipenda sana habari hii, lakini kama mwanafunzi naomba niseme jambo ambalo huwa hatulisemi mbele yenu.

"Mwanafunzi akae mwezi shambani" mara nyingi huishia kuwa kibarua cha bure. Mwenzangu alipelekwa mahali "kujifunza", akaosha matangi wiki nne. Kitabu cha kumbukumbu hakukiona. Akitaka kuchukua data kwa ajili ya tasnifu anaambiwa hizo ni siri za biashara. Kwenye makongamano nako tunaingia bure kwa kujitolea kushika maikrofoni na kugawa beji. Sawa, tunashukuru. Ila mwaka jana nilipangiwa zamu ya mlangoni saa ileile ya wasilisho langu. Nilikimbia, nikawasilisha nikihema, nikarudi mlangoni. Swali la mtu aliyenifuata kutaka kuzungumza sikulijibu.

Tunaondoka kwa sababu hakuna mtu ndani ya chama anayetujua kwa jina. Ada si kitu kwa mtu anayejulikana.

MajiMazito:
@MwakaWaTatu umenena. Mimi nafundisha, na nina mfano wa upande wa pili.

Nimekuwa jaji wa mabango ya wanafunzi kwa muda mrefu. Utaratibu ni kwamba tunapita wakati wa chai, dakika tatu kila bango, tunajaza alama, mshindi anatangazwa usiku. Waliokosa hawaambiwi chochote. Mwaka mmoja nilisimama mbele ya bango zuri kuhusu amonia, ile taka wanayotoa samaki, kwenye mabwawa ya perege. Michoro ya kuvutia, takwimu zimenyooka. Nikauliza, pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, ilikuwa ngapi? Binti akasema hawakuirekodi. Hapo kazi nzima ikaning'inia. Kwenye nyuzi 25, pH ikiwa 7 amonia iliyo katika hali ya sumu haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. pH ikiwa 9 inapita theluthi moja. Bwawa lenye mwani mwingi linaweza kupanda hadi huko mchana na kushuka alfajiri. Bila pH ile namba haikuambii kama samaki wako hatarini au wanastarehe.

Nilimpa alama ndogo nikaondoka. Kosa langu. Usiku nikarudi kumtafuta, nikamkuta anakunja bango. Tukakaa chini, tukachora upya majaribio yake. Leo tunaandika makala pamoja. Dakika 20 zile hazikugharimu chama chochote.

Kwa hiyo kwangu kila bango lililokataliwa na kila ikisiri iliyokosa nafasi irudi na aya moja ya maoni ya mtu mzima mwenye jina. Wakongwe watalalamika. Walalamike.

Na kuhusu vyama vikubwa, msidhani wao waliliacha jambo hili lijiendee. World Aquaculture Society, jumuiya ya dunia ya fani yetu iliyoanza mwaka 1970, ina ngazi ya wanafunzi yenye ada ndogo na tuzo za wanafunzi kwenye mikutano yake. Ile ya Ulaya, European Aquaculture Society ya mwaka 1976, ina kundi la wanafunzi ndani yake. Kundi ni wazo zuri, ila lisiwe kitalu cha kuwafungia watoto wasisumbue wakubwa. Mwanafunzi awe na kiti kwenye kamati na kura yake ihesabiwe.

HesabuKwanza:
Kura kwa mtu anayelipa nusu?

MajiMazito:
Ndiyo. Kwa takwimu za FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 wanyama wa majini waliofugwa walifika tani milioni 94.4, wakawapita waliovuliwa kwa mara ya kwanza. Watu wa kuendesha mashamba hayo miaka 20 ijayo si mimi na wewe, mkuu. Wako nje wanagawa beji.

HesabuKwanza:
Nimekusoma. Hasira za nini sasa.

DaktariWaMapezi:
Naongeza dogo la kiafya. Mkiwapeleka wanafunzi mashambani, waambieni wasitoke shamba moja wakaingia jingine siku hiyohiyo na buti zilezile na kivuo kilekile. Hamasa ya vijana na virusi vya perege vinasafiri pamoja. Mfugaji akipoteza samaki baada ya ziara, hatapokea mwanafunzi mwingine maisha yake yote.

Na lile la siri za biashara lina dawa: ukurasa mmoja wa makubaliano kabla ya kuanza. Data ni za nani, jina la shamba litajwe au lifichwe, mfugaji asome kabla haijachapishwa, kijana atafanya kazi gani na saa ngapi. Chama kiwe shahidi. Nimeona ukurasa huo ukiokoa urafiki.

MlinziWaBwawa:
Wakuu nimeandika karibu kila kitu. Kilichonikaa kichwani ni madaftari ya bibi. Tuna wafugaji wenye kumbukumbu wasio na wa kuzichambua, na wanafunzi wanaohangaika kutafuta data, wote kwenye orodha moja ya wanachama, na sisi tunafikiria fulana. Nitarudi na mrejesho.

MlinziWaBwawa:
MREJESHO. Kikao kimekwisha saa moja iliyopita, bado nina njaa.

Punguzo limebaki. Ngazi ya waliohitimu imepita, miaka miwili, barua ya chuo imefutwa. Nauli italipwa na chama moja kwa moja, kwa wanafunzi wachache kuliko mwaka jana, na hapo palikuwa na kelele kwelikweli. Zamu za kujitolea zitapangwa baada ya ratiba ya mawasilisho kutoka, jambo ambalo nikiliandika hapa naona aibu kwamba lilihitaji kikao. Maoni ya mabango: wakongwe sita wamejiandikisha, wengine walikuwa wanaangalia simu. Kiti chenye kura kimekwama, kinahitaji kubadili katiba kwenye mkutano mkuu. Nitakirudisha.

Fulana zimepita pia. Za kijani.

La madaftari wamenipa nijaribu na mashamba matatu. @BibiVifaranga, najua uko mbali na chama chetu, lakini ungekubali kuwa la kwanza? Na @MwakaWaTatu, ulisema hakuna anayekujua kwa jina.

BibiVifaranga:
Aje. Daftari la mwaka huu sijalifunga, na kuna jike nataka tulidunge Ijumaa usiku. Aje na kipimajoto chake.

MwakaWaTatu:
Nakuja bibi. Buti mnazo za hapohapo shambani? Zangu wiki hii zimeingia bwawa la chuo.

BibiVifaranga:
Zipo. Ziache zako nyumbani.