Kupangisha nyumba Marekani kwa watu wanaolipiwa kodi na serikali, kuna usalama?

Babu_Kimara
Wakuu habari zenu. Shemeji yangu yuko Ohio anataka tuchange tununue nyumba kule tuwapangishe watu wa Section 8, yani wale serikali inawalipia kodi. Mi huku Kimara nimezoea mpangaji anaweka ya miezi sita ndo anaingia, sasa yeye anasema kule inaingia kila mwezi toka serikalini na haikosi. Serikali inalipa yote? Na mtu akiharibu nyumba nani anatengeneza? Hii ni hela ya kiinua mgongo, sitaki kubahatisha.

mama_wawili_tbt
Shikamoo mzee. Hailipi yote. Mpangaji anatoa kama asilimia 30 ya kipato chake, inayobaki ofisi ya nyumba ya eneo lile inamtumia mwenye nyumba moja kwa moja, mpango wenyewe ulianza 1974 na hela inatoka wizara yao ya nyumba, HUD. Kwahiyo upande wa serikali shemeji yuko sahihi, ila kile kipande cha mpangaji unakidai mwenyewe kama unavyodai huku.

fundi_mwandamizi
Mzee uliza habari ya ukaguzi, hapo ndo wengi wanakwama. Kabla mtu hajaingia watu wa ile ofisi ya nyumba wanakuja kuangalia umeme, mabomba, hita, madirisha, na nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 kama kuna watoto wadogo wanaangalia na rangi inayobanduka maana ile ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi. Afu wanarudi tena na tena mpangaji akiwa ndani, ukiambiwa rekebisha usirekebishe wanasimamisha malipo. Hata kodi hujipangii tu, wanalinganisha na nyumba za jirani. Kuhusu uharibifu, dai ni kwa mpangaji na ile dipoziti yake, serikali haimo. Kumchuja ni kazi yako, vocha, yani ile hati ya kulipiwa kodi anayopewa mpangaji, haikwambii kama mtu anatunza nyumba.

Babu_Kimara
Marahaba binti. Asanteni sana, haya ya ukaguzi shemeji hajanigusia kabisa. Yeye anafanya kazi usiku, sijui atakutana nao saa ngapi.

kaka_mhasibu
Basi wekeni msimamizi wa kulipwa na gharama yake iingie kwenye hesabu kabla hamjanunua. Na kodi ya mapato mzee, wewe usiye mkazi wa kule wanakata asilimia 30 ya pango lote bila kutoa matumizi, labda uchague rasmi kutozwa kwenye faida baada ya matumizi, na hapo lazima upeleke ritani, yani taarifa ya mapato yako kwa watu wa kodi wa kule, kila mwaka. Hati je, jina lako litakuwemo? Kama halimo usitume hata shilingi, hata kama ni shemeji.