Natoaje makadirio ya kurekebisha tarehe kwenye mfumo wa zamani wa VB6?

mwanza_dev: Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Kuna SACCOS moja inatumia mfumo wa mikopo ulioandikwa kwa VB6 (lugha ya zamani ya programu, Visual Basic 6) na kuhifadhi data kwenye Access ya Microsoft tangu 2003, aliyeuandika hapatikani tena. Juzi mwanachama kachukua mkopo wa miezi 60, karani kaandika mwisho wa marejesho 15/06/30, mfumo ukasoma 1930 na penati ikaanza kuhesabiwa siku hiyohiyo, mama wa watu kaja dirishani na karatasi yake mkononi anatetemeka. Meneja anataka hadi Ijumaa nimwambie siku ngapi na shilingi ngapi. Nilifikiria wiki mbili ila naogopa, maana fomu hii tarehe imekatwakatwa kwa Left na Mid (amri za kukata vipande vya maandishi), ile inatumia CDate inayogeuza maandishi kuwa tarehe, nyingine imehifadhiwa kama maandishi tu. Huwa mnapigaje hesabu?

fundi_mifumo: Pole mkuu. Usitaje siku zozote kabla hujahesabu. Tafuta kwenye faili zote amri za tarehe kama CDate, DateValue, DateDiff, DateAdd, Format, na hizo Left na Mid zinazogusa tarehe, andika kila sehemu ulipoikuta, na ripoti pia usiziache. Halafu chagua kumi zisizofanana, zirekebishe na kuzijaribu kweli huku unaangalia saa. Mimi nilikuta sehemu 212, zile kumi za mwanzo zikanichukua dakika 40 kila moja kwa wastani, ukizidisha ni kama masaa 141, yaani siku 18 za kazi, wakati kichwani nilikuwa na siku sita! Na hapo bado hujagusa data.

nbo_coder: Kuna njia ya haraka, kwenye Windows upande wa Region unaweza kuambia mashine isome mwaka wa tarakimu mbili kati ya 1950 na 2049 badala ya 1930 na 2029. Ni dakika tano kwa kila kompyuta.

fundi_mifumo: Kaka hiyo inazima moto wa leo tu. Mstaafu aliyezaliwa 1948 akiandikwa 48 anageuka wa 2048, halafu wakinunua kompyuta mpya mtu akasahau kuiseti mnarudi palepale. Mpe meneja kama huduma ya kwanza, lakini mwambie wazi kwamba mwaka lazima uandikwe tarakimu nne.

dada_hesabu: Mdogo wangu, kinachokula muda ni data. Angalia kama kuna SQL (maagizo ya kuingiza na kutafuta data) imeunganishwa na tarehe ndani ya alama za reli, mfano #03/04/2025#. Access hapo inasoma Kimarekani, mwezi kwanza, kwa hiyo 3 Aprili inaingia kama 4 Machi, lakini #15/04/2025# inaingia sawa kwa sababu hakuna mwezi wa 15 na yenyewe inageuza kimyakimya bila kutoa kosa lolote, ndiyo maana watu wanakaa miaka hawajui. Siku 132 za mwaka zinaweza kugeuka hivyo, zaidi ya theluthi! Sisi tulizirudisha kwa namba za risiti maana zinafuatana, ukikuta 4511 ni ya 31 Machi, 4513 ni ya 13 Aprili, halafu 4512 imeandikwa 4 Januari basi jua ni 1 Aprili. Zisizo na risiti tulifungua daftari moja moja na karani. Kazi hiyo itoze kivyake, na chukua bakapu kabla hujagusa kitu.

mwanza_dev: Asanteni sana, dada umeniokoa, zile alama za reli nimezikuta kwenye fomu ya marejesho yenyewe. Sehemu zote ni 187. Nimemwambia meneja anilipe kwanza siku nne za ukaguzi, bei ya programu na bei ya data nitampa nikishamaliza, kanuna kidogo ila kakubali. Na penati ya yule mama imefutwa leo asubuhi. Kesho naanza na risiti.