Naomba ushauri: Je, wasifu wa mama utaje jambo alilolinyamazia?

BintiWaMuthurwa aliandika:

Wanajukwaa, hamjambo. Mama yetu alizikwa Lang'ata mwezi uliopita, na nimepewa kazi ya kuandika wasifu kamili utakaosomwa kwenye ibada ya kumbukumbu kisha wapewe wajukuu wake kumi na mmoja, kwani ule uliosomwa makaburini ulikuwa wa ukurasa mmoja na ungeweza kuwa wa marehemu yeyote.

Mama alikuwa Mpare wa Same, Tanzania. Baba, Mkenya, alikuwa karani wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki katika stesheni ya huko. Wakaoana mwaka 1972, na mwaka 1974 baba alipohamishiwa Nairobi wakapewa chumba Muthurwa. Enzi hizo mama hakujihesabu kuwa amehama nchi, kwa kuwa reli ilikuwa ya Jumuiya moja na safari ya kwao, kupitia Voi na Moshi, ilikuwa ya kubeba kikapu tu. Ugeni wake ulikuwa wa maneno. Akiulizia khanga dukani, aliambiwa ni leso. Makande yake majirani waliyaita githeri, wakamwuliza viazi viko wapi. Na kwa sababu alisema "naomba" hata aliponunua sukuma wiki, wachuuzi walimcheka kwamba anaomba huku pesa ziko mkononi.

Februari 1977, Jumuiya ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka. Bibi yetu alifariki mwaka 1979, na habari zilimfikia mama wiki tatu baada ya mazishi, zikiletwa na mtu aliyepita njia za panya upande wa Taveta. Mama, aliyekuwa na mimba yangu, alikuwa anachambua maharagwe. Dada yangu mkubwa anakumbuka kwamba aliendelea hadi akamaliza, kisha akarudisha vijiwe na takataka zote kwenye ungo, akaanza upya.

Mpaka ulipofunguliwa Novemba 1983 alikwenda Same, akarudi na chungu cha bibi ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukipikia. Hakulizungumza jambo hilo tena. Hata hivyo, tangu nipate akili sijaona akikosa mazishi mtaani, hata ya mpangaji ambaye hakumjua jina.

Kaka yangu anasema tuiache miaka hiyo, kwa kuwa mwenyewe aliifungia moyoni, na kwa kuwa wajomba watakaokuja kutoka Same walimlaumu kwa muda mrefu. Mimi naona tukiiruka hatutakuwa tumemweleza mama. Je, ni halali kuandika alichokinyamazia?

MwalimuMstaafu alijibu:

Pole sana kwa msiba, binti yangu. Liandike, ila uandike kilichoonekana: ungo, chungu, na mazishi ya watu. Usiandike kwamba "alihuzunika mno", kwani hakuna kati yenu aliyeingia moyoni mwake, na dada yako aliyeshuhudia hakusema hivyo. Tarehe za mpaka uzihakikishe katika magazeti ya zamani, pale Nyaraka za Kitaifa kwenye barabara ya Moi, maana katika kila msiba hapakosi mzee wa kusimama na kubishia miaka. Wajukuu hao wanavuka Namanga kwenda Arusha na kurudi, na huenda hawajui kwamba njia hiyo iliwahi kufungwa zaidi ya miaka sita.

MjukuuWaJinja alijibu:

Mwalimu, kwa heshima, nakupinga kidogo. Mama yangu alikimbia Uganda wakati wa Amin akaja kuishi Eastleigh, na tulipomwandikia wasifu tuliweka kila kitu, tukausoma wote mbele ya watu. Mama mdogo aliinuka akatoka kanisani kabla hatujafika katikati, na hadi leo tunasalimiana kwa shida. Kosa letu halikuwa kuandika. Kosa lilikuwa kwamba alisikia habari za nyumbani kwao kwenye kipaza sauti, pamoja na wageni. Dada, mpigie mjomba mkubwa simu kabla hujachapisha hata nakala moja.

Karani_wa_Zamani alijibu:

Kaka yako ana hoja moja: wasifu usigeuke historia ya Jumuiya. Sentensi moja kuhusu Kenyatta, Nyerere na Amin inatosha, na hata hiyo naona ni nyingi. Khanga na makande uyaache hivyohivyo, usiyabadilishe kuwa leso na githeri kwa ajili yetu wa Nairobi.

BintiWaMuthurwa aliandika:

Ahsanteni nyote. Nimempigia mjomba jana jioni. Ameniambia kwamba hawakuwahi kumlaumu mama kwa kutofika mazishini, kwani walijua mpaka umefungwa. Walichomlaumu ni kwamba alipofika mwaka 1983 alisimama kaburini bila kutoa chozi, akaomba chungu, na wao wakadhani Nairobi imemfanya mgumu. Akaniuliza siku alipopata habari alifanya nini. Nikamsomea ile sehemu ya maharagwe.

Alinyamaza hadi nikadhani simu imekatika. Kisha akaomba niisome tena, polepole, na akasema siku ya ibada sehemu hiyo ataisoma yeye. Kaka amekubali. Sasa tunajadiliana kuhusu nauli zao.