Mwanza hadi Dar kwa ndege ni masaa mangapi? Nasafiri na mama, miguu inamsumbua

Mtoto wa Sengerema:
Wakuu habari zenu, nataka kumleta mama Dar kwa matibabu, yuko Sengerema, ana miaka 71 na miguu inavimba akikaa sana, kupanda basi hawezi kabisa. Nimeangalia tiketi naona ndege moja inaandika saa 1 na dakika 25 nyingine inaandika masaa mawili, siku ileile na umbali uleule, sasa ipi ni kweli? Na kilomita ni ngapi hasa maana wengine wanasema 1,100 wengine 850.

Kipepeo26:
Pole kwa kuuguza mkuu. Zote mbili ni kweli. Angani ni kama km 850 kwa sababu ndege inanyoosha, barabarani ndo inapita 1,100 maana unazunguka Shinyanga, Singida, Dodoma, Morogoro. Hiyo ya saa 1 na nusu ni jeti, ya masaa mawili ni pangaboi, yaani ndege ya propela, inaenda taratibu zaidi. Ila angalia pia kama haitui mahali njiani, kuna zinazopitia Kilimanjaro na hapo muda unaongezeka sana. Chukua ya moja kwa moja hata kama imezidi bei kidogo, kwa mgonjwa inalipa.

Msafiri wa Kanda:
Kwanini asipande gari mpaka Dodoma halafu achukue treni ya SGR? Dodoma-Dar ni masaa kama manne tu na unanyoosha miguu.

Kipepeo26:
Mwanza-Dodoma peke yake ni karibu km 700 ndugu yangu, huyo mama atakaa kwenye gari siku nzima ndo afike kwenye treni, hapana.

Dada Nyakato:
Mdogo wangu usihesabu masaa ya angani peke yake, hesabu toka mlangoni kwa mama. Mimi nilimpeleka baba mwaka jana, kuruka ilikuwa kama saa na nusu lakini safari nzima ilikula masaa nane. Uwanja wa Mwanza uko upande wa Ilemela, nyie mnaingilia Usagara kwahiyo mtaukata mji wote na asubuhi kuna foleni. Afadhali sasa daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa toka Juni 2025, mnavuka dakika chache, zamani kwenye kivuko ungeweza kukaa masaa ukiangalia saa na ndege yako inaondoka. Fikeni uwanjani masaa mawili kabla. Na kubwa kuliko yote, ukikata tiketi WAAMBIE mnahitaji kiti cha magurudumu, usisubiri kuomba siku ya safari. Sisi hatukusema mapema, baba akatembea mwenyewe mpaka kwenye ngazi za ndege huku anatetemeka, mpaka leo naumia nikikumbuka. Halafu muulize daktari wake kabla hajaruka, hiyo miguu kuvimba si ya kuchukulia poa. Mwombee siti ya pembeni ya njia ili aweze kusimama.

Mtoto wa Sengerema:
Asante sana dada, hilo la kiti sikuwa nalijua kabisa. Nachukua jeti ya mchana ya moja kwa moja tutoke Sengerema asubuhi bila haraka, na kesho kaka atampeleka kwa daktari kwanza ndo nilipie.